Piano ya Babu na Swali la Mjukuu

Mirathi huwa na mitihani yake. Katika familia moja ya Old Moshi, kihamba kiligawanywa bila maneno. Kilicholeta ugomvi ni piano.

Ni ile piano kubwa ya zamani, ya kulala, yenye miguu mitatu, ambayo marehemu babu aliinunua kwa mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Kwa miaka mingi ilikaa sebuleni imefunikwa kitambaa, juu yake picha za harusi. Masika mbao zilivimba na vibonyezo vikakwama, kiangazi zikapasuka. Kaka mkubwa alitaka iuzwe. Dada yao mdogo alitaka itengenezwe, kwa kuwa binti yake wa miaka kumi alikuwa akijifunza kinanda kanisani.

Fundi aliitwa kutoka Nairobi. Kwanza alikagua fremu ya chuma, maana nyuzi zaidi ya 200 huivuta kwa nguvu ya tani nyingi; ikiwa na ufa, piano imekwisha. Ilikuwa nzima. Nyuzi zenye kutu na nyundo zilizoliwa na nondo, alisema, hubadilishwa. Kisha akaonyesha vibonyezo vyeupe, vyote 52. Vilikuwa na mistari myembamba, na kila kimoja kimefunikwa kwa vipande viwili vilivyoungwa.

"Hii ni pembe ya ndovu," akasema.

Mtoto akauliza, "Mama, walikufa tembo wangapi?"

Mama hakuwa na hesabu, lakini hakumnyamazisha. Alimweleza kwamba katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilifika hadi kwa Mangi Rindi wa Moshi kutafuta pembe. Pembe nyingi za Afrika Mashariki zilipitia Zanzibar hadi Deep River na Ivoryton, miji midogo ya Connecticut, Marekani, zikakatwa kuwa vibonyezo vya piano. Pembe kubwa kuliko zote zinazojulikana zilitoka kwa tembo aliyeuawa miteremko ya Kilimanjaro mwaka 1898. Moja ilizidi kilo 100. Leo ziko London.

Wiki nzima mtoto hakuigusa piano. Jumapili iliyofuata alimwambia mama yake kwamba kuitupa hakutamrudisha tembo.

Familia ikauliza kwanza ofisi ya wanyamapori, kisha ikakubaliana: hakuna pembe itakayong'olewa ili iuzwe, na vibonyezo vilivyovunjika vitawekewa plastiki. Piano ikasogezwa mbali na dirisha na jiko, ikawa inafutwa kwa kitambaa kikavu. Mjomba alichangia gharama kwa sharti moja: ibaki kwa bibi, wajukuu wote waifuate huko.

Mzazi mwenye kitu cha zamani nyumbani huwaza bei na fundi. Mtoto naye hutaka kujua kilitoka wapi. Akiuliza, ajibiwe ukweli, hata ule unaoumiza, kisha apewe muda wa kuutafakari.