Safari ya Mingoyo

Alfajiri mtu mmoja aliondoka Kilwa Masoko peke yake. Nangurukuru alibadilisha basi, akaelekea kusini. Kando yake aliketi bibi mmoja aliyepakata kuku.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Waenda wapi, mjukuu wangu?”

“Mingoyo, halafu Mkwaya. Marehemu babu alikuwa akipakia mizigo ya gari moshi huko.”

Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1949, kutoka Mkwaya mpaka Nachingwea, kwa mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza. Mpango ulianza 1947, ukaachwa 1951. Reli ilifikishwa Mtwara baadaye, lakini karanga hazikuwapo, na mwaka 1962 ikafungwa. Njia iliyojengewa zao hufa pamoja na zao. Basi, pamoja na msongamano na makelele yake, humsimamia hata mwenye kuku mmoja.

“Vyuma vilikwisha ng’olewa kabla mama yako hajazaliwa,” alisema bibi. “Utatazama nini?”

Hakuwa na jibu. Bahari ilitokea kushoto. Lindi bibi aliteremka na kuku wake. Msafiri alibaki kitini, kwani nauli ya Mingoyo alikwisha lipa.