Simu ya mama, siri ya binti

Mama mmoja wa Kirumba, muuza dagaa pale Mwaloni, alirudi jioni akamkuta bintiye wa darasa la sita ameficha simu chini ya mto. Simu ni ya mama, ndiyo ya kupokelea oda na malipo. Akirudi nyumbani binti huiazima kunakili maswali ya mwalimu. Kumbe mtu asiyemjua, aliyejiita Anko, alikuwa akimwomba picha akiwa amevaa sare, pamoja na jina la shule.

Kilichomuuma mama zaidi ni kwamba mazungumzo yale yalikuwa ya wiki mbili.

“Mbona hukuniambia?”

“Ulisema nikichezea WhatsApp utaninyang’anya simu.”

Kweli alisema. Wazazi wengi husema hivyo, na watoto husikia vizuri sana.

Hakumchapa. Hakufuta ujumbe, maana ndio ushahidi. Alimzuia tu yule mtu asiandike tena. Akapiga 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, kisha akaenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto.

Simu bado inaazimwa, ila sebuleni. Juzi ujumbe mwingine uliingia kutoka namba ngeni. Binti akaichukua simu hadi jikoni: “Mama, huyu naye ni nani?”