Kuikimbia Baridi kwa Hema

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari za baridi ya nchi za Kaskazini kutoka kwa watoto na ndugu zao waliokwenda huko kusoma au kufanya kazi, na pengine wamechoka kuzisikia. Kwa hiyo sitarefusha maneno juu ya theluji yenyewe. Nitakalo ni kueleza jinsi watu wa huko wanavyoikimbia, maana mwezi wa Januari mwaka jana nilikuwa mmoja wa wakimbizi hao. Tulikuwa watu watano, yaani mimi, mdogo wangu, mkewe na watoto wao wawili. Tulitoka Minnesota, tukaenda kulala hemani siku saba kusini-magharibi mwa Texas, kando ya mto unaotenga Marekani na Mexico.

Kukimbia baridi si jambo geni. Wale korongo weupe tunaowaona mashambani kwetu kati ya Novemba na Machi, wakifuata panzi nyuma ya jembe, hutoka Ulaya kwa sababu hiyo hiyo. Huko Marekani na Kanada nako wako wazee waliokwisha kustaafu ambao kila mwaka hufunga nyumba zao, wakashika njia ya Florida, Arizona au Texas wakivuta nyumba za magurudumu nyuma ya motokaa, hata theluji iyeyuke. Wenyeji huwaita ndege wa theluji. Lakini sisi hatukuwa wazee wa kustarehe. Tulikwenda kwa sababu ya ugonjwa.

Mdogo wangu amekaa Minnesota, ambako sisi watu wa Kisii tuna jamaa wengi, miaka kumi na minne. Kazi yake ni kuwaangalia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, naye siku hizo alikuwa akifanya zamu ya usiku kwa kuwa ina nyongeza ya mshahara. Nyongeza hiyo tuliijua sote nyumbani, maana ndiyo iliyokuwa ikimsomesha dada yetu wa mwisho chuoni. Mwezi wa Novemba simu zake zilipungua, Desemba zikakoma. Basi kijijini yakaanza maneno. Huyu alisema amepata fedha akatusahau, yule akasema mke ndiye aliyemzuia. Watu wa nyumbani hatuna haya ya kuhukumu mtu aliye maili elfu nane mbali nasi.

Kisha shemeji akanipigia simu mwenyewe. Akasema, "Shemeji, ndugu yako hali vizuri, hasemi, na akirudi kazini hulala kama mtu aliyepigwa. Si pombe, wala hatukugombana. Njoo umwone." Mama alipopata habari hizo alisema neno moja tu, kwamba nimlete nyumbani. Viza nilikuwa nayo tangu safari yangu ya kwanza, ambayo ilikuwa Julai, nchi ile ikiwa ya kijani kama milima yetu. Nikauza ng'ombe mmoja, shemeji akaongeza zilizopungua, nikapanda ndege.

Nilikuta nchi nyingine. Udongo ulikuwa mgumu kama saruji, hata nikajiuliza mkulima wa huko hufanya nini miezi hiyo mitano. Maziwa yalikuwa yameganda, na watu wamejenga vibanda juu yake na kutoboa mashimo ya kuvulia samaki; serikali yao huwaonya wasikanyage barafu isiyofika unene wa inchi 4. Siku tuliyoondoka kipimo kilionyesha digrii 20 chini ya sifuri kwa hesabu ya Selsiasi. Lakini nataka msomaji afahamu kwamba ndani ya nyumba hapakuwa na baridi hata kidogo. Kuna mashine ya moto, na watoto hucheza wakiwa na shati moja, ilhali mimi nyumbani Julai hukaa na koti mbele ya jiko. Baridi ile wameiweza zamani. Wasichokiweza ni giza.

Nilikaa siku tatu nikihesabu saa za mdogo wangu kama karani ahesabuvyo stempu. Alikuwa akitoka kazini saa moja asubuhi, naye hufika nyumbani kabla jua halijachomoza, maana mwanzo wa Januari huko jua hutoka yapata saa mbili kasoro dakika kumi. Akila kidogo, hulala nyuma ya mapazia mazito. Huamka saa kumi na nusu, na saa kumi na moja kasorobo jua limekwisha kuchwa. Hata mtu aliye macho mchana halipati jua kamili, kwa kuwa saa sita hupanda robo tu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, kisha huanza kushuka. Shemeji aliniambia kwamba tangu katikati ya Novemba mumewe hakuwa ameliona jua ila siku zake za mapumziko, na hizo nazo alizilala.

Madaktari wa huko wanaujua ugonjwa huu. Mwaka 1984 Dk. Norman Rosenthal na wenzake waliuandika na kuupa jina. Ni huzuni inayokuja na majira na kuondoka na majira. Nuru ya asubuhi iingiapo machoni ndiyo inayoiambia saa iliyo ndani ya ubongo kwamba kumekucha. Nuru ikikosekana, saa hiyo hupotea, na mtu hupoteza usingizi mwema, hamu na uchangamfu. Dawa mojawapo ni kukaa asubuhi mbele ya taa yenye nguvu ya luksi 10,000, yapata nusu saa kila siku. Mdogo wangu taa hiyo alikuwa nayo. Ilikuwa mezani, na soksi za watoto zimeanikwa juu yake.

Shauri la hema lilikuwa la shemeji. Hoteli ya watu watano kwa juma zima ingekula karo ya muhula, lakini kiwanja cha hema katika mbuga ya serikali ni dola chache kwa usiku. Akaazima hema kwa mwenzake wa kazini, akanunua mifuko ya kulalia, akapakia unga wa ugali na jiko la gesi. Mdogo wangu hakukubali wala kukataa. Alikaa kiti cha nyuma, akajifunika kofia.

Njia ilikuwa maili kama 1,500, karibu mara tatu ya ile ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, nasi tuliifanya kwa siku tatu. Mashamba ya mahindi ya Iowa yalikuwa meupe, mabua yakichomoza katika theluji kama ndevu za mzee. Kansas theluji ikawa mabaka. Tulipoingia Oklahoma nikaona udongo mwekundu, nikamwomba shemeji asimamishe motokaa nikaushike. Watoto walimcheka sana baba yao mkubwa.

Mahali tulipopiga kambi huitwa Rio Grande Village, katika mbuga ya Big Bend, iliyofunguliwa mwaka 1944 nayo ina eka zaidi ya 800,000. Ni jangwa la mawe na miiba, lakini kambi yenyewe imo katika miti mirefu kando ya mto. Bondeni humo, upande wa magharibi, watu walilima pamba zamani kwa maji ya mto huo. Kila kiwanja kina meza yake. Chakula hufungiwa usiku kwa sababu ya wanyama wadogo mfano wa ngiri, wanaotembea makundi makundi na kupasua hema lenye harufu ya mkate. Jambo lililonishangaza ni kwamba moto wa kuni umekatazwa kabisa mbugani mwote, hata kuni ulizokuja nazo. Kambi bila moto! Kwa mtu wa kwetu ni kama msiba bila uji. Tulipikia gesi, tukazima, tukakaa gizani.

Na usiku ulikuwa wa baridi. Mchana kipimo kilifika digrii 20 juu ya sifuri, mtu akavua koti. Lakini jangwa halihifadhi joto, na alfajiri ya kwanza bakuli ya maji iliyoachwa mezani ilikuwa na utando wa barafu. Nililala na nguo zangu zote, na viatu. Kwa hesabu ya joto, tulikuwa vizuri zaidi kule Minnesota karibu na mashine.

Hata hivyo, jua lilipochomoza juu ya majabali ya Mexico, wa kwanza kutoka hemani alikuwa mdogo wangu. Alikaa juu ya jiwe, akalielekeza uso, akafumba macho. Alikaa hivyo hadi saa nne. Siku ya pili vivyo hivyo. Jua la huko mwezi huo hupanda karibu nusu ya njia ya utosini, na jioni lilikuwa likituachia nuru hata baada ya saa kumi na mbili; yaani zaidi ya saa nzima tuliongezewa kila siku, na saa hiyo yote aliitumia nje. Siku ya tatu aliomba chai. Msomaji ataona ni jambo dogo, lakini shemeji aliingia hemani upesi ili tusimwone uso.

Jirani zetu walikuwa mzee mmoja na mkewe kutoka Kanada, ndege wa theluji hasa. Mzee huyo alikuja kuonja ugali, akasema unafaa kuzibia mashua, kisha akala sahani mbili. Usiku watoto walilala chali mezani kutazama nyota, maana anga la Big Bend ni miongoni mwa maanga yenye giza safi kabisa Marekani. Niliwaonyesha Kilimia, kilichokuwa juu ya utosi, nikawaeleza jinsi wazee wa pwani walivyokitazama kujua majira ya kulima.

Siku ya nne tulikwenda kwenye chemchemi ya maji moto iliyo ukingoni mwa mto. Mtu mmoja, J. O. Langford, alifika hapo mwaka 1909 na mkewe na mtoto mdogo. Alikuwa akisumbuliwa na malaria tangu utotoni mwake huko Mississippi, akasikia kwamba maji hayo yanaponya. Akayaoga na kuyanywa siku 21, akasema amepona, akajenga nyumba ya kuogea ya mawe na kuwatoza watu senti 10 kwa siku, au dola 2 kwa siku 21. Sina haja ya kuwaambia wasomaji wa Kisumu na Kilifi kama maji moto huponya malaria. Nyumba ilikwisha kubomoka, imebaki misingi, nayo maji hujaa humo kama birika, yenye joto la digrii 40 hivi, na mto baridi unapita mkono mmoja kutoka hapo. Tulikaa humo wawili, miguu majini, watoto na mama yao wakiokota mawe.

Nilimsimulia habari za Langford, naye akacheka. Kisha akasema, "Kaka, mwezi wa Novemba nilifiwa na wazee watatu." Nilinyamaza. Akaeleza kwamba wote watatu walikufa usiku, zamu yake. Mmoja alimtunza miaka sita na kumjua mpaka jina la mbwa wake wa utotoni. Aliwaosha, akawafunika, akawapigia simu watoto wao. Asubuhi akaenda nyumbani gizani. Jioni yake aliporudi, kitanda kilikuwa na mtu mwingine. "Nyumbani mtu akifa tunakaa," alisema. "Hapa sikukaa na mtu yeyote. Ningewapigia simu niseme nini? Kwamba nalilia wazungu?"

Hapo ndipo nilipomweleza neno la mama. Alifikiri sana, akasema watoto wako shule, na mkewe ana mwaka mmoja kumaliza mafunzo ya uuguzi. Hawezi kurudi sasa. Lakini angeomba zamu ya mchana. Zamu ya mchana haina nyongeza. Usiku ule, kwa tochi, tuliandika hesabu ya karo ya dada yetu nyuma ya ramani ya mbuga. Ilipungua shilingi ambazo sitazitaja. Nikasema nitazibeba mimi, kwa bonasi ya majani ya chai. Akasema, "Na bonasi ikiwa mbaya?" Nikamwambia ng'ombe wako watatu.

Sisemi kwamba juma moja la jua lilimponya. Tulirudi, theluji ikiwa pale pale, na siku ya kwanza alilala tena saa kumi na mbili. Lakini shemeji aliondoa soksi juu ya taa, naye akakaa mbele yake kila asubuhi, akinywa chai. Zamu ya mchana ilipatikana mwishoni mwa Februari. Bonasi ya Oktoba haikuwa nzuri. Ng'ombe wamebaki wawili, na dada yetu bado yuko chuoni. Mwaka huu mdogo wangu amekwisha kulipia kiwanja kile kile karibu na mto.

Niliporudi mikono mitupu, mama alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilimweleza taa, na jua, na wale wazee watatu. Aliuliza majina yao. Mimi nilikuwa ninalo moja tu, nikampa. Kisha akauliza kama mto ule una samaki. Nikamwambia wako kambare, wakubwa.