ZIWA NI LA MAMA, MANENO NI YA MTAA MZIMA

Uswahilini mtoto akiachishwa ziwa, hiyo siyo siri ya nyumba moja tena. Kila mtu ana la kusema.

Kuna dada mmoja wa Mbagala, anauza duka la nguo Kariakoo. Mtoto wake alipofikisha mwaka na miezi miwili, akajikuta ana mimba nyingine. Mama mkwe alipojua hakuuliza hata anajisikiaje. "Mwanangu, mwachishe leo leo, hayo maziwa yameshaharibika."

Dada wa watu akapaka shubiri. Mtoto kuonja, kilio mpaka asubuhi. Kesho yake akapelekwa kwa bibi yake Mkuranga.

Mama akabaki matiti yamejaa, homa juu, anakamua maziwa bafuni huku machozi yanamtoka. Mtoto naye kule kagoma uji, kapungua. Aliporudishwa, majirani wakapata neno: "Kambemenda mtoto!" Yaani lawama zote kwa mama, wakati mimba hakujipa mwenyewe.

Sasa huyo kaambiwa hana huruma. Kuna mwingine wa Tabata, wa kwake ana miaka 2 na nusu na bado ananyonya. Mtoto akivuta blauzi kwenye daladala, watu wanacheka: "Zee zima hilo bado linanyonya?" Ukiwahi kosa, ukichelewa kosa.

Ukweli ni kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama tu, halafu chakula huku mtoto akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Kwa hiyo huyo wa Tabata hana kosa. Na mimba haiharibu maziwa. Kama haina matatizo na mama anakula vizuri, anaweza kuendelea kunyonyesha. Mtoto akidhoofika baada ya kuachishwa, mara nyingi ni njaa: katolewa kwenye maziwa, kaingizwa kwenye uji mwepesi usio na kitu.

Kazi nayo ina lake. Sheria ya Ajira ya 2004 inatoa likizo ya uzazi siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mmoja, pamoja na muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku. Lakini muuza duka asiye na mkataba akadai wapi? Akikaa nyumbani, nafasi anapewa mwingine.

Kina mama wenye uzoefu wanasema ziwa huachishwa pole pole: unapunguza la mchana kwanza, la usiku linakuwa la mwisho, uji unatiwa karanga au maziwa, na baba anambembeleza mtoto usiku. Hapo shubiri haina kazi.

Huyo mama mkwe hakuwa na nia mbaya, hata yeye aliambiwa hivyo hivyo. Ila anayekesha na matiti yaliyojaa ni mmoja tu, na ndiye asiyeulizwa.

Mdau, kwenu nani huamua mtoto aache lini: mama, baba au mama mkwe?