Njuga ya Mbwa wa Mwindaji

Katika nyumba moja iliyo juu ya bonde la mto Sebeya, huko Kanama, wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, palikuwa pametundikwa ukutani njuga kuukuu ya mbwa. Mwenye nyumba ni mzee aliyekwisha kupita umri wa kukimbia vilimani. Ujana wake ulikuwa wa uwindaji. Si wa tembo wala nyati, bali wa wanyama wadogo: paa, sungura, nungu na kwale.

Siku hizo uwindaji ulikuwa shughuli ya watu wengi. Alfajiri walikusanyika na mikuki, pinde na marungu. Mbwa walivishwa njuga shingoni, kwa sababu mbwa akiingia kichakani haonekani, na mlio wa njuga ndio humwambia mwindaji mawindo yanakimbilia wapi. Wengine walifukuza, wengine walivizia. Nyama ilipopatikana iligawanywa kwa kanuni: aliyetangulia kuchoma alikuwa na fungu lake, mwenye mbwa fungu lake, na wengine nao hawakurudi nyumbani mikono mitupu. Si kila nyumba iliipenda nyama hiyo, kwani walikuwako wengi walioidharau, wakaiona heshima katika maziwa ya ng'ombe. Lakini kwa Watwa wa msituni kuwinda hakukuwa mchezo wa siku ya mapumziko. Msitu ulikuwa ghala lao.

Watu wakiulizwa wanyama hao walikwenda wapi, aghalabu hujibu kwamba wawindaji waliwamaliza. Jibu hilo lina ukweli, ila si ukweli wote. Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikuwa na hekta zipatazo 28,000. Katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ilifyekwa kwa mradi uliogharimiwa na Benki ya Dunia, ili kupata malisho ya ng'ombe na mashamba ya misonobari. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, watu waliorejea kutoka ukimbizini walihitaji mahali pa kukaa na kulima, nao wakaingia msituni. Ilipofika mwaka 2002 zilibaki hekta kama 600 tu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Paa aliyeukwepa mshale hakuweza kulikwepa jembe, maana hakuna awezaye kujificha katika shamba la viazi.

Hasara hiyo haikuwa ya paa peke yake. Mlima uliovuliwa miti huyaachia maji yateremke kwa kasi pamoja na udongo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, baada ya mvua kubwa, Sebeya ilifurika na kubomoa nyumba nyingi. Mafuriko na maporomoko ya siku hiyo yaliua zaidi ya watu 130 nchini.

Uwindaji wenyewe nao ulibadilika. Lile kundi la alfajiri lilitoweka, akabaki mtu mmoja anayetoka gizani na kipande cha waya. Tofauti ni kubwa. Mbwa akiitwa hurudi, lakini waya ukishategwa hauna masikio. Humkamata mwenye mimba na mwenye kunyonyesha, tena huweza kuukata mkono wa sokwe, na sokwe wa Gishwati ni wachache mno. Ndiyo sababu mabaki ya msitu huo, pamoja na msitu wa Mukura, yalifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2015. Sheria ya mwaka 2021 kuhusu viumbe hai nayo yawalinda wanyamapori, na mvunjaji wake hujitafutia kifungo.

Basi jioni moja mjukuu wa mzee yule alikutwa uani akinyoosha waya wa breki ya baiskeli.

"Ni wa nini huo?" mzee akauliza.

"Babu, watoto hawajaonja nyama tangu sikukuu. Nawe uliwinda, wala hukuitwa mwizi."

Mzee hakuwa na jibu la haraka, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa ya kweli. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Niliwinda palipokuwa na msitu, mjukuu wangu. Wewe utawinda nini? Ukikamatwa, watoto watakosa nyama, wamkose na baba."

Kesho yake waliuza kuku mmoja katika soko la Mahoko, wakanunua sungura wa kufugwa, jike wawili na dume. Sungura jike hubeba mimba kwa siku zipatazo 31, na huzaa watoto sita hadi wanane, pengine zaidi. Chakula chake ni majani makavu na mabichi yasiyo na umande. Banda liinuliwe kutoka chini na liwe kavu. Na samadi yake hufaa sana katika viazi na maharagwe. Ule waya wa breki haukutupwa: ulitumika kukaza mlango wa banda.

Njuga nayo iliondolewa ukutani, ikafungwa mlangoni mwa banda hilo, ili mwizi au paka mwitu akigusa usiku, ilie. Mzee ndiye huamka kwanza.