Kama

Kenneth Arnold angekuwa hai ningemnunulia soda, tukae kibarazani tuongee habari ya neno moja tu. Lakini alifariki mwaka 1984 huko kwao Marekani, kwa hiyo maongezi yenyewe nayafanya na wewe.

Arnold hakuwa mpiga porojo. Alikuwa akiuza vifaa vya kuzimia moto, na kindege chake akirusha mwenyewe. Tarehe 24 Juni 1947, karibu na mlima Rainier, jimbo la Washington, aliona vitu tisa vinang'aa vikipita kwa mstari. Akavipima kwa saa: kutoka mlima huo mpaka mlima Adams, dakika moja na sekunde 42. Hesabu ikatoa zaidi ya kilomita 2,700 kwa saa! Mwenyewe ikamtisha, akaipunguza.

Aliwaambia waandishi wa habari kwamba vilikwenda kama sahani ukiirusha juu ya maji, ikawa inaruka-ruka. Sisi watoto wa Kigamboni mchezo huo tunaujua, ila sisi ni kwa vigae. Magazeti yakaokota sahani, mwendo yakauacha. Siku chache tu, Marekani nzima inaona visahani angani. Kweli, umbo nalo aliwahi kulifananisha na sufuria bapa, sitaki kumtetea kupita kiasi. Lakini mchoro aliolipelekea jeshi unafanana zaidi na kisigino cha kiatu. Sahani gani hiyo?

Julai ile jeshi likatuma maofisa wawili wamhoji mjini kwake Boise: Kapteni William Davidson na Luteni Frank Brown. Hapa ndipo ninapopapenda. Brown aliandika kwamba anaamini mtu huyu kakiona alichosema. Kama kakitunga, basi kakosea kazi, angekuwa anaandika hadithi za Buck Rogers, yule shujaa wa anga za mbali katika katuni za magazetini. Mpelelezi kageuka mhakiki, bwana!

Tarehe 1 Agosti maofisa wote wawili wakafa, ndege yao ilipoanguka wakitoka Tacoma kupeleleza taarifa nyingine. Baadaye jalada la Arnold likaandikwa kuwa aliyoyaona ni mazigazi. Jeshi la anga lilipofunga uchunguzi wake mwaka 1969, taarifa zilikuwa 12,618, na 701 hazikuwa na maelezo. Ya Arnold haimo katika hizo 701. Ilishapewa jibu.

Aliona nini, mimi siulizi. Nauliza ile "kama" ilikwenda wapi, maana na mimi yangu ilipotea.

Usiku mmoja mtaani kwetu iliibwa televisheni. Nikaitwa kituoni, kwa vile nilikuwa nimekaa nje. Nikaeleza nilichokiona: kijana wa nyumba ya tatu alipita mbio, kama mwizi. Nilijisikia raha kuisema hivyo, wallahi. Si ndio tunajifunza kuandika, kupamba? Afande akaandika, akanisomea haraka haraka, nikatia saini. Kwenye karatasi ile mwizi alipita mbio.

Kijana alikuwa anakimbilia bajaji. Dada yake kashikwa uchungu. Alilala ndani siku nne, na mtoto kazaliwa mjomba yuko rumande. Mama yake alikuja kwetu, hakugombana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ulimwona na televisheni?" Nikasema hapana, mama. "Sasa ukasemaje?"

Nikarudi kituoni kueleza kwamba nilisema kama. Afande akacheka: "Kijana, kama na si kama, saini ya nani hii?" Hakuna aliyenitazama usoni akapima nasema kweli au natunga. Arnold alau alipata wawili.

Juzi tumekutana kwenye foleni ya maji, yule kijana na mimi. Akanisogezea ndoo yangu mbele, akasema, "Mambo, mwandishi." Mpaka leo sijajua alikuwa anatania au vipi.