Mkebe

Ukiingia kwa fundi yeyote wa Kitengela utakuta mkebe wa rangi uliokwisha. Ndani mna skrubu, bawaba, vipande vya waya: vitu alivyotoa kwenye kazi za zamani akakataa kutupa. Mimi pia nina wangu, ila ni folda kwenye laptopu. Una faili kama mia moja hivi, nyingi za JavaScript na PHP, na kila moja inafanya kazi moja tu. Kuna ya kupunguza uzito wa picha kabla haijapakiwa. Kuna ya kuhifadhi fomu mtandao ukipotea katikati. Juu ya kila faili naandika mistari miwili: inafanya nini, na siku hiyo nilikuwa na shida gani. Bila mstari wa pili, baada ya miezi sita hicho kipande ni chuma tu.

Riziki yangu ni makala. Zikikauka, natengeneza tovuti. Chuo niliacha. Ukame wa 2022 ulimaliza ng'ombe wa nyumbani, na hao ng'ombe ndio walikuwa karo. Kwa hivyo mtu akiniuliza nina cheti gani, nafungua mkebe.

Faili ninayoipenda zaidi inahusu namba za simu, na ilizaliwa Rombo. Naongelea Rombo ya Kajiado, si ile ya Tanzania iliyo ng'ambo tu ya mpaka. Mama mmoja anayenunua vitunguu kwa wakulima wa kunyunyizia maji, akauza pande zote mbili, alitaka ukurasa wa kupokea oda. "Watu wangu wanaandika namba vile wanajua," alinionya. Na kweli. Huyu anaandika 0712, yule +254 712 na nafasi katikati, mwingine anaanza na 7 moja kwa moja. Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, unataka 254 mbele, bila sifuri, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi. Hilo ni la nusu saa.

Shida ilikuwa mpaka. Namba ya 0712 inaweza kuwa ya Kenya na inaweza kuwa ya Tanzania, zote tarakimu kumi. Hakuna hesabu itakayokuambia ni ya wapi. Lazima umuulize mwenyewe, kabla hajaandika namba. Mistari kumi na minane, na imenilipia kodi ya nyumba mara nyingi.

Mwaka jana kampuni moja ya Nairobi ikanipa kazi ya kulipa kodi ya miezi minne. Mkataba wao ulisema kila kitakachotumika kwenye mradi ni mali yao, hata kilichoandikwa kabla. Yaani mkebe wote. Nikaketi kusoma Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Inahesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi! Nilicheka peke yangu: mistari yangu ya namba za simu iko rafu moja na riwaya za Ken Walibora. Lakini sheria hiyohiyo inasema kazi uliyoagizwa, haki yake inaenda kwa aliyekuagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hivyo hata ile faili niipendayo ingeweza kuwa ya mama wa vitunguu.

Nikampigia.

"Sasa mimi nitafanyia nini hiyo?" akauliza. "Tumia, mwanangu. Lakini usimpe mwenye anauza vitunguu."

Nikamwomba aniandikie hivyo hivyo kwa meseji. Akaandika, na akaongeza kwamba nyanya pia zimo.

Kampuni niliwaambia watumie vipande vyangu watakavyo, milele, ila vibaki vyangu. Wakajibu kwamba wengine wote wametia sahihi. Mimi sikutia. Miezi minne hiyo niliilipa kwa makala za bei ya chini, moja baada ya nyingine, na landilodi wangu si mtu wa kusikiza habari za hakimiliki.

Siku hizi mikataba yangu ina kifungu cha mkebe. Wateja wengi hawakisomi.

Mwezi uliopita jamaa wa Illasit alinitafuta, anataka ukurasa wa oda, pesa taslimu, nusu mbele. Nikamuuliza anauza nini. Vitunguu. Nikampa namba ya kijana mwingine wa Loitokitok.